Sura ya Sita: Betri ya Pili

Cheti kilisema hapa pana nyumba. Kilisema ni villa ya ghorofa moja yenye gereji ya magari mawili, na kwamba betri ya umeme wa jua namba 0418 imefungwa kwenye ukuta wa gereji hiyo na fundi mwenye kibali, nyuma yake pakiwa na ubao usioshika moto, mbali na chumba chochote wanamolala watu. Kilikuwa cheti kizuri, chenye muhuri na picha tatu. Jecinta Mumbua alikisoma mara mbili akiwa amesimama juu ya mchanga mtupu katikati ya Al Warqa, jua la Agosti likimchoma utosi. Mbele yake palikuwa na kibao cha mjenzi, rundo la matofali na paka mmoja.

Hofu ilimshika pale pale, na hakuona haya kuikubali. Miaka tisa alivaa sare za polisi kwao Machakos, na huu ulikuwa mwaka wa nne akipelelezea kampuni ya bima Dubai. Mwizi alikuwa hamwogopi. Betri alikuwa anaiogopa, hasa tangu Jumanne.

Simu yake ikalia. Ilikuwa Sundus, mhandisi wa kampuni iliyoagiza betri zile, binti wa Kizanzibari aliyezaliwa huku huku Dubai lakini Kiunguja cha nyumbani hakijamtoka.

"Umeiona nyumba?"

"Hakuna nyumba. Ni kiwanja."

"Basi nisikilize mie. Imefika arobaini na sita."

Alikuwa akisema nyuzi za joto. Betri ya 0418, popote ilipokuwa, ilikuwa imeunganishwa na intaneti ya nyumba fulani, na kila baada ya dakika chache ilijipeleka yenyewe kwenye skrini ya Sundus, ikisema joto lake. Haikusema iko wapi. Mahali paliandikishwa na fundi siku ya kuifunga, na fundi aliandikisha mchanga huu.

"Si uliizima?"

"Nimeizima tangu asubuhi kutoka huku. Lakini ikishaumia ndani, kuizima hakuitibu, inajipika yenyewe. Ile ya Jumanne ilipanda hivi hivi. Kutoka arobaini hadi sabini ilichukua muda, kutoka sabini hadi moto haikufika robo saa."

"Na kampuni ya intaneti?"

"Wanataka barua ya polisi. Barua inatoka kesho, inshallah."

Kesho. Jecinta aliingia garini. Betri mbili, 0417 na 0418, zilianguka pamoja kutoka kwenye foklifti ghalani, miezi mitano iliyopita. Zilitakiwa zirudishwe kiwandani. Badala yake zilipanguswa vumbi zikapelekwa majumbani kwa mpango wa ruzuku. Ya kwanza ililipuka Jumanne katika stoo ya nyumba moja mtaa wa nne kutoka hapa. Kwenye ramani iliitwa stoo, lakini ndani mlikuwa na kitanda, na kitandani alikuwa Joweria, mtumishi wa ndani, mtoto wa Masaka, Uganda, miaka ishirini na sita. Mwili wake ulikuwa bado unangoja karatasi za kusafirishwa. Ya pili ilikuwa mahali fulani ndani ya mji huu, na Jecinta aliamini bila shaka yoyote kwamba nayo iko chumba cha mtu wa namna ile ile.

* * *

Karakana ya kampuni iliyofunga betri zote mbili ilikuwa Ras Al Khor, kati ya duka la vioo vya magari na ghala la matairi. Saa saba kasoro robo mlango ulikuwa nusu wazi. Ndani alikuwepo mtu mmoja tu, Jeremy, Mkenya wa Nakuru, fundi pekee wa kampuni hiyo mwenye kibali cha mpango wa ruzuku. Picha zote zilikuwa na uso wake.

"Sista, kadi ni yangu na iko valid mpaka mwakani," alisema kabla hajaulizwa. "Sijafanya kitu."

"Sijakuuliza kadi. Sheria inasemaje kuhusu picha?"

"Tatu. Ukianza kazi, ukifika katikati, ukimaliza. Fundi mwenye kibali lazima aonekane na betri, pale site. Bila hizo ruzuku haitoki."

"Na wewe ulikuwepo nyumba ya Joweria?"

"Nilikuwepo."

"Na ya hii 0418?"

"Pia. Mara tatu tatu. Si unaniona kwa picha?"

Jecinta alipanga picha sita juu ya meza, tatu za nyumba moja, tatu za nyingine. Jeremy kwenye shati la bluu, Jeremy kwenye shati la kijivu, Jeremy akicheka kidogo. Halafu akaweka kidole juu ya soketi iliyokuwa nyuma ya bega la Jeremy. Kutoka kwenye soketi ile ufa mwembamba ulipanda ukutani na kukatia kulia. Akahamisha kidole kwenye picha ya nyumba ya pili. Soketi ile, ufa ule, ukikatia kulia.

"Nyumba mbili zina ufa mmoja?"

Jeremy alitazama picha.

"Nimekaa kwenye stoo ya Joweria siku mbili. Kuta zake ni za vigae mpaka juu. Huu wako ni wa rangi. Uko wapi?"

Hakungoja aonyeshwe. Nyuma ya rafu za nyaya palikuwa na kipande cha ukuta cha jipsamu kilichosimamishwa kwa mbao, kimepakwa rangi nyeupe, kina soketi isiyo na umeme na ufa wake mahali pake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampuni hii ilijenga ukuta na ufa ikauacha.

"Ni arbab, bosi wetu," Jeremy alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Kadi ni moja, mimi ni mmoja, na yeye anataka nyumba sita kwa siku. Nitakuwa kila mahali aje? Kwa hivyo napiga picha hapa, wasaidizi wanapeleka. Hakuna mtu alikuwa anaangalia ukuta."

"0418 ilipelekwa wapi?"

"Kwa karatasi ni hicho kiwanja."

"Jeremy."

"Wallahi sijui! Nyumba zingine hazina gereji. Wakiomba wanakataliwa, kwa sababu betri itaingia kwa room ya mtu. So arbab anatumia plot yenye ramani imepitishwa, na betri inaenda kwa nyumba yenyewe. Mimi naona namba tu."

"Arbab yuko wapi?"

"Alipanda ndege Jumatano. Simu iko off."

Simu ya Jecinta ilitetemeka mezani. Ujumbe wa Sundus ulikuwa na tarakimu mbili tu: 51.

Alimwonyesha Jeremy, akamweleza kinachofuata baada ya sabini. Jeremy alikaa juu ya ndoo ya rangi.

"Muulize Matia, ule Mganda," alisema. "Yeye ndiye mbebaji wa siku nyingi. Wako kwa kempu ya wafanyakazi, Muhaisnah, kazi imesimama tangu Jumanne. Sista, mimi nilikuwa napiga picha tu."

"Joweria naye alikuwa analala tu," Jecinta alisema, akatoka.

* * *

Chumba cha Matia kilikuwa ghorofa ya tatu, kina vitanda sita vya dabodeka na wanaume kumi na wawili, na wengi walikuwa wamelala au wanajifanya wamelala. Kempu ikimwona mtu mwenye faili mkononi, hulala. Matia peke yake alisimama. Alikuwa mrefu, mpole, ameshika kikombe cha chai kama anayetaka kumpa mgeni akakosa pa kumkalisha.

"Karibu, nyabo," alisema, akimwita bibi kwa Kiganda. "Kaa kwa kitanda yangu, hapa chini. Hatuna kiti."

Jecinta alikaa kwenye ncha ya godoro, faili magotini.

"Ya Joweria mlibeba nyinyi?"

"Ndiyo, nyabo. Mimi na wenzangu wawili. Tuliweka kwa ile stoo. Madam wake alisema hapo. Mimi niliona kitanda. Nilisema kwa driver, hapa mtu analala. Driver akasema yalla, yalla, kuna nyumba zingine tano. Kila siku naona hicho kitanda."

"Na ya pili? Ilitoka siku hiyo hiyo, namba 0418."

"Hiyo ilienda na gari ingine. Watu wa gari hiyo walihamishwa Fujairah, na mmoja alirudi Uganda."

"Una simu zao?"

Alikuwa nazo mbili. Wakapiga. Ya kwanza haikupatikana. Ya pili alipokea mtu aliyesema betri alizobeba mwaka huu ni zaidi ya mia, na nyumba za Dubai zote kwake ni geti na mbwa. Jecinta alimwomba afikirie. Alifikiria, akasema labda Jumeirah, labda Mirdif. Simu ikaita kwa ujumbe: 57. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika hamsini.

Njia ilikuwa imeisha. Jecinta alijua hivyo, akabana mikono chini ya mapaja kama mtoto wa shule. Hapo ndipo alipohisi kitu. Kitanda hiki hakikubonyea. Aliwahi kuingia kempu nyingi kwa kazi yake, na vitanda vyake vyote ni vya springi zilizochoka, ukikaa unazama hadi magoti yapande kidevuni. Hiki kilikuwa kigumu kama benchi la kanisa.

"Matia, chini ya godoro kuna nini?"

"Ubao, nyabo. Mgongo ilikuwa inauma sana. Sote tumeweka."

"Ubao wa wapi?"

"Wa kazini. Unakuja ndani ya boksi ya betri. Arbab alisema hauna kazi, kuutoboa ni saa nzima, acheni. Tuliona ni vibaya kuutupa, ni mzuri sana. Hata upana, ona, unalingana na kitanda."

Jecinta alisimama. Siku mbili alizokaa kwenye stoo ya Joweria alikuwa akitafuta kitu kimoja asikione: mabaki ya ubao wa saruji unaotakiwa kukaa nyuma ya kila betri. Ubao ule hauungui. Nyumba yote ingeweza kwisha, ubao ungebaki. Aliandika kwenye daftari "ubao umeenda wapi?" na hakupata jibu. Jibu lilikuwa hapa, limefunikwa shuka, limelaliwa na watu kumi na wawili ambao migongo yao ilikuwa inauma. Hata hasira hakuipata. Nani angemwambia mbebaji kwamba ubao mzuri vile ni wa kulinda roho ya mtu, ikiwa tajiri mwenyewe amesema hauna kazi?

"Kila ubao una stika nyuma, au hauna?"

"Una stika. Na storekeeper huandika nyumba kwa kalamu nene, ili boksi zisichanganyike."

"Amkeni," Jecinta alisema kwa sauti ya Machakos, ile ya polisi. "Amkeni wote. Pindueni magodoro."

Hakuna aliyejifanya amelala tena. Magodoro yalipinduliwa, mito ikaanguka, picha za watoto na rozari zikaanguka. Mbao zilitolewa moja moja zikaegemezwa ukutani, na Jecinta alipita akisoma kwa tochi ya simu. 0388, Mirdif. 0391, Mirdif. 0402. 0409. Stika moja ilikuwa imechanika. 0417 ilikuwa kitanda cha juu karibu na dirisha, imeandikwa mtaa wa Joweria, na kijana aliyeilalia alirudi nyuma hadi ukutani. Mbao kumi na moja. 0418 haikuwemo.

"Umebaki wako," alisema kumwambia Matia.

Matia alivuta ubao wake mwenyewe, akaupindua, akaushikilia wima mbele ya kifua chake. Hivyo ni Jecinta aliyeusoma kwanza. Stika: 0418. Chini yake, kwa kalamu nene: Warqa 4, villa 22, madam wa watoto mapacha.

Aliisoma kwa sauti. Ubao uliteleza mikononi mwa Matia ukagonga sakafu kwa kishindo.

"Hapana," alisema Matia. "Hapana, hapana. Banange. Hiyo ni nyumba ya Fortunate."

"Fortunate ni nani?"

"Mke wangu."

Maneno yalimtoka vipande vipande. Fortunate alifanya kazi nyumba hiyo mwaka wa pili sasa, akilea mapacha. Madam alipotaka betri ya ruzuku, ni Matia aliyempa Fortunate namba ya ofisi. Wageni hawaruhusiwi pale, hata mume hafiki zaidi ya geti. Alipouliza kama betri iko mahali salama, Jeremy alimwambia ya nyumba ile ina cheti kama zote, kwa hiyo hakuuliza tena. Huu ubao aliuchagua yeye mwenyewe kwenye rundo la karakana kwa kuwa ulikuwa msafi. Hakuwahi kuupindua.

"Mpigie."

"Simu yake madam anaiweka kwa droo mpaka jioni." Akaitazama saa ya ukutani. "Nyabo, saa nane mpaka saa tisa watoto wanalala. Ni saa yake ya kupumzika. Saa hii amelala."

* * *

Zimamoto walipokea simu upesi na kuuliza upesi, wakasema gari limetoka. Jecinta alikuwa karibu zaidi kuliko kituo chao. Aliendesha kwa barabara ya Tripoli akizipita kamera bila kuzitazama, na Matia pembeni yake alipiga namba ile ile ya mkewe tena na tena, ikiita ndani ya droo. Sundus walimweka kwenye spika.

"Sitini na tatu."

Taa nyekundu. Jecinta aliipita, lori likampigia honi.

"Sitini na tisa. Jecinta, uko wapi?"

"Dakika nne."

"Sabini na nne. Yaa Rabbi. Sabini na tisa."

Matia alikuwa akisali kwa Kiganda, haraka haraka, mkono mmoja umekamata mkanda wa kiti. Waliingia mtaa wa villa 22. Kuta ndefu, mageti yaliyofungwa, hakuna mtu nje kwa joto lile, hata mtunza bustani.

"Jecinta," Sundus alisema.

"Ngapi?"

"Haisemi kitu. Imekatika."

Matia aliruka kabla gari halijasimama. Geti lilikuwa limefungwa. Jecinta alilaza mkono juu ya honi akauacha hapo hapo, honi ikapasua mtaa mzima, na Matia alipanda ukuta kwa vidole na magoti, akadondoka upande wa pili huku akiita jina la mkewe. Juu ya ukuta, upande wa stoo iliyofanywa chumba cha Fortunate, kitu cheupe kilianza kutoka kwenye tundu la kiyoyozi. Hakikuwa moshi mweusi. Kilikuwa cheupe na kizito, kikishuka badala ya kupanda, na harufu yake tamu Jecinta aliijua kutoka stoo ya Joweria. Alibaki na honi tu.

Geti lilifunguka kutoka ndani. Alitoka mwanamke mfupi, peku, nywele zimefungwa kitambaa, amebeba mtoto kila mkono kama mikungu ya ndizi, na watoto wote wawili walikuwa wanalia kwa nguvu. Matia alikuwa nyuma yake akimsukuma kwa viganja vyote viwili. "Tembea, tembea, usigeuke!"

"Matia, madam ataniachisha kazi! Umeruka ukuta!"

Walifika ng'ambo ya barabara ndipo dirisha la stoo lilipotoka na fremu yake. Mlio haukuwa mkubwa sana. Lakini moto uliofuata ulitoka kwa mlalo kama wa bomba, ukapiga ukuta wa jirani ukaufanya mweusi, na haukukoma. Fortunate aliketi ghafla kwenye ukingo wa barabara, watoto mapajani, akilitazama dirisha la chumba chake.

King'ora kilikuwa kinakaribia. Jecinta alijua kwamba baada ya dakika mbili patakuwa na maofisa, na madam, na maneno mengi, na kwamba maneno ya kwanza huwa ndiyo ya kweli. Alichuchumaa mbele ya mwanamke yule akafungua daftari.

"Dada, naitwa Jecinta, nachunguza hizi betri. Ulikuwa umelala wapi?"

"Jikoni. Chini, kwa vigae. Watoto nilikuwa nimewalaza sebuleni."

"Kwa nini jikoni? Nani alikwambia usilale chumbani?"

"Hakuna mtu." Fortunate alimfuta mtoto mmoja kamasi kwa ncha ya kitambaa. "Niliogopa. Kile kitu kinavuma, na usiku ukuta unakuwa moto. Madam alinicheka. Huyu nilimwambia kwa simu mara tatu." Alimwelekeza Matia kwa kidevu. "Akaniambia, lala, usiogope, kina cheti. Mimi nikasema sawa. Lakini sikulala huko. Miezi miwili nalala chini kwa vigae, nikimdanganya."

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyo. Andika niliogopa."

Jecinta aliandika. Matia alikuwa amesimama juu yao, magoti yamechubuka kwa ukuta, mikono inaning'inia. Gari la zimamoto liliingia mtaani na watu wakaanza kupiga kelele kwa Kiarabu, na ndani ya kelele zile Matia alichutama, akamshika mkewe kifundo cha mguu.

"Fortu," alisema. "Ubao wako niliulalia mimi."

Fortunate alimtazama mumewe, kisha akamtazama mwanamke mwenye daftari, ambaye alikuwa ameacha kuandika.

"Ubao gani?"